Kwa Nini Chungu Kimepasuka? Kusoma Kasoro za Vyombo vya Udongo vya Nyumbani na Bustanini

Mwaka wangu wa pili wa kufinyanga, katikati ya mwezi wa Juni, nilipanga vyungu 14 vya maua kwenye shimo la kuchomea nyuma ya nyumba yetu hapa Uyole, nikawasha moto saa nne asubuhi, na kabla haijatimu saa tano vyungu 11 vilikuwa vimegeuka magae. Mlio wa kwanza ulikuwa mdogo, kama punje ya bisi inayogonga kifuniko cha sufuria. Wa mwisho ulirusha majivu hadi kwenye ukuta wa jikoni. Nililaumu kuni, nikalaumu upepo, kisha nikamlaumu aliyeniuzia udongo, na wote hao hawakuwa na hatia. Nilipoyaokota magae baada ya kupoa niliona kwamba mengi yalikuwa mapana na membamba kama visahani, yamebanduka upande wa nje bila kufika ndani, na karibu yote yalitoka chini ya chungu, mahali nilipoacha ukuta mnene kuliko kwingine. Unyevu ulikuwa umejificha humo, ingawa vyungu vilikaa barazani wiki mbili na kwa macho vilikuwa vyeupe kwa ukavu.

Tangu siku hiyo sijaulaumu moto kabla ya kuzipitia siku zilizoutangulia. Kasoro nyingi zinazojitokeza motoni huwa zimezaliwa mapema zaidi, na katika nyanda hizi za juu chanzo chake kikubwa ni namna hewa yetu inavyokausha. Asubuhi ya Mbeya, Mafinga au Njombe huwa na baridi na mara nyingi ukungu, na chungu hakipotezi maji yoyote ya maana. Mchana wa kiangazi upepo mkavu hukivamia upande mmoja na kukikausha kwa saa chache. Anayefinyanga pwani huambiwa aanike vyombo vyake kivulini, na hilo humtosha. Kwetu kivuli peke yake hakitoshi, kwa sababu upepo unaingia hata kivulini.

Maelezo yanayofuata yamepangwa kwa kufuata kile unachokiona, si kwa kufuata hatua za kazi. Yanamhusu mtu anayefinyanga kwa misokoto ya udongo au kwa gurudumu, anayetumia udongo mwekundu wa mabondeni, na anayechoma kwa shimo au kwa tanuri dogo la matofali.

Chungu kinalipuka motoni

Tazama kwanza umbo la magae. Yakiwa ni vipande bapa vilivyobanduka, au chungu kikiwa kimesambaratika kabisa, mhalifu ni mvuke. Maji yaliyobaki ndani ya ukuta hugeuka mvuke ghafla, mvuke huhitaji nafasi kubwa kuliko maji, na udongo mbichi hauna nguvu ya kuuzuia. Mafundi wengi watakuambia kwamba ni hewa iliyobaki kwenye udongo usiokandwa vizuri. Sikubaliani nao. Hewa hupata njia ya kutoka polepole kupitia vinyweleo vya udongo. Nimewahi kuchoma kwa makusudi kipande chenye tundu la hewa katikati, kikiwa kimekauka barabara, na hakikufanya lolote. Ubaya wa tundu hilo ni kwamba linaweza kuhifadhi unyevu, na unyevu ndio unaolipua. Kanda udongo wako vizuri, lakini usidhani kwamba kukanda kutakuokoa na haraka.

Kipimo cha ukavu ninachokiamini ni shavu. Kiweke kitako cha chungu shavuni mahali pasipo na jua: kikiwa cha baridi kuliko hewa iliyokizunguka, bado kinatoa maji, na hakijawa tayari kwa moto hata kama rangi yake imepauka. Mwezi wa Juni na Julai kipimo hiki kinataka uangalifu, kwa sababu asubuhi kila kitu ni cha baridi. Pima saa nane mchana, na ukilinganishe na gae kavu la zamani lililokaa rafu hiyo hiyo.

Hata chungu kilichofaulu kipimo cha shavu kinahitaji kupashwa joto polepole. Hapa Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka karibu nyuzi 94 za Selsiasi badala ya 100, kwa hiyo ukifuata maelekezo yanayosema ushikilie tanuri chini kidogo ya nyuzi 100 unaweza kuwa umekwisha kuvuka mpaka bila kujua. Mimi huweka vyungu kinywa chini kuzunguka moto mdogo, umbali wa hatua moja, navigeuza kila baada ya nusu saa, na sivihamishii shimoni mpaka vimekuwa vya moto kiasi cha kunilazimu kuvishika kwa kitambaa. Kazi hiyo huchukua saa mbili hadi tatu. Vyungu vyenye ukuta unaozidi sentimita moja na nusu navipa saa nyingine mbili.

Nyufa zinazotokea kabla ya moto

Hapa ndipo penye mambo mengi, kwa maana ufa wa udongo mbichi unaonyesha ulikoanzia, na kila mahali pana sababu yake.

Ufa unaoanzia mdomoni na kushuka wima unatokana na mdomo kukauka kabla ya tumbo. Mdomo ni mwembamba na umekaa wazi juu, basi hupungua wa kwanza, na tumbo ambalo bado ni laini linauzuia usipungue. Dawa yake ni kuufunga mdomo kwa ukanda wa nailoni mara tu chungu kinapoweza kujisimamia, kisha kukigeuza kinywa chini siku inayofuata ili kitako nacho kipate hewa. Kabla ya kukifunga, upitishie mdomo kipande cha ngozi laini kilicholowekwa, ukiubana kidogo kati ya vidole. Vijichanjo vidogo vinavyoachwa na vidole ndivyo vinavyokuwa mlango wa ufa.

Ufa wa kitakoni husababishwa na mambo mawili yasiyofanana. Ukiwa umenyooka au una matawi kama njia za mto, huenda chungu kiligandamana na ubao kilipokuwa kinapungua: ukuta unavuta kuelekea ndani, kitako kimenaswa, na kinachokosa subira ni kitako. Nyunyiza mchanga mkavu au tandika karatasi ya gazeti chini ya chungu, nacho kitateleza kadiri kinavyojikunja. Lakini ufa ukiwa umejipinda kama herufi S katikati ya kitako, na chombo kimetengenezwa kwa gurudumu, kosa ni kwamba udongo wa chini haukushindiliwa, au maji yaliachwa yakatuama ndani. Futa maji yote kwa sifongo, kisha shindilia kitako kwa ubavu wa mti, yaani kibao cha kulainishia udongo, kutoka ukingoni kuja katikati na kurudi, mara tano au sita.

Ufa unaozunguka mahali mshikio ulipounganishwa na mwili huonyesha kwamba vitu viwili vyenye unyevu tofauti vimeozeshwa kwa nguvu. Mshikio mwembamba hukauka kwa saa chache wakati mwili unahitaji siku kadhaa. Viungo hivi nimevitibu kwa mambo matatu yakifanyika pamoja: kuunganisha wakati vyote viwili vina ugumu wa jibini, kuchanja pande zote mbili kwa uma na kuzipaka uji mzito wa udongo ule ule uliofinyangia chombo, na kufunika chombo kizima kwa nailoni usiku mmoja ili unyevu ujigawe sawa. Ukiwa na haraka ya kuacha moja, usiache la tatu.

Sasa kuna nyufa zisizo na mahali maalumu, zilizosambaa mwili mzima kama uso wa bwawa lililokauka. Hizo ni shauri la udongo wenyewe. Udongo wa vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vya Iringa na Njombe, ule mweusi unaonata kwenye jembe, huwa mnono kupita kiasi: unafinyangika kwa raha, kisha unapungua sana. Kabla ya kuuamini, tengeneza kijiti bapa chenye urefu wa zaidi ya sentimita 12, chora alama mbili zinazoachana kwa milimita 100 kamili, ukikaushe na kupima tena. Alama zikiwa zimesogeleana hadi milimita 94 au 93, udongo unafaa. Zikifika 90 au chini yake, tarajia nyufa katika kila chungu kikubwa.

Udongo mnono hupunguzwa nguvu kwa unga wa magae. Twanga vyungu vilivyovunjika, chekecha kwa wavu wa dirishani, kisha changanya sehemu moja ya unga kwa sehemu nne au tano za udongo. Magae yamekwisha kupita motoni, kwa hiyo hayapungui tena, na chenga zake huachia njia ndogo za unyevu kutoka. Mchanga wa mto hufanya kazi inayofanana, ila uwe mkali na uwe umeoshwa. Funga kitambaa puani unapotwanga, na sakafu uipanguse kwa tambara bichi badala ya kuifagia, kwani vumbi hili likiingia mapafuni halitoki.

Kuna kosa la kinyume, yaani udongo mwembamba usio na mnato. Sokota uzi wa udongo wenye unene wa penseli na kuuzungusha kwenye kidole: ukikatika au ukichanika mgongoni, udongo una mchanga mwingi au haujakaa vya kutosha. Uloweshe, uufunike, na uuache kwenye ndoo mwezi mmoja au miwili. Utaanza kutoa harufu ya tope la kinamasi, na hiyo ni habari njema.

Ufa mrefu na safi baada ya kuchoma

Chungu kimetoka motoni kizima, umefurahi, na kesho yake unakuta ufa mmoja mwembamba uliopita kutoka mdomoni hadi karibu na kitako, kingo zake kali kama za kioo. Huu haufanani na ufa wa kukauka, ambao kingo zake huwa zimelegea na rangi ya ndani imeungua sawa na ya nje. Ufa mkali umetokea wakati wa kupoa. Ndani ya udongo kuna chembe za kwazi, madini yaliyo pia kwenye mchanga, na chembe hizo hubadili ukubwa wake kwa ghafla zinapopita nyuzi 573, ziwe zinapanda au zinashuka. Upande mmoja wa chungu ukipita hapo kabla ya mwingine, lazima pavunjike.

Katika kuchoma kwa shimo kinachosababisha hali hiyo ni upepo, pamoja na pupa ya mfinyanzi mwenyewe. Iringa na Makambako upepo wa mchana si wa kuchezea, kwa hiyo jenga ukuta wa matofali mabichi upande unaotoka upepo, au choma alfajiri na kumaliza kabla haujaanza kuvuma. Funika vyungu kwa magae mapana, kisha samadi kavu, kisha pumba za mpunga, ambazo Kyela na Mbarali hupatikana kwa wingi kwenye mashine za kukoboa. Pumba haziwaki kwa pupa. Zinafuka usiku kucha na kushusha joto polepole. Usifukue mpaka uweze kushika gae la juu kwa mkono mtupu. Mimi huwa nafunga mlango wa uani na kwenda kulala, maana macho yangu nimeyajua.

Vishimo vyenye punje nyeupe

Kasoro hii inawachanganya wengi kwa sababu inachelewa. Siku chache au hata wiki kadhaa baada ya kuchoma, ukuta unabanduka kijisehemu chenye umbo la pia, na chini ya kishimo pana punje nyeupe inayosagika kwa ukucha. Punje hiyo ni chokaa. Mawe ya chokaa yaliyomo kwenye udongo huungua kuanzia nyuzi 800 na kitu, yanakuwa chokaa hai, na chokaa hai ikivuta unyevu wa hewa inavimba na kusukuma ukuta. Wanaochimba udongo upande wa bonde la Songwe, ambako mawe ya chokaa ni mengi, wawe macho zaidi.

Dondoshea siki kwenye unga wa udongo mkavu; ukitoa povu, chokaa imo. Dawa ya uhakika ni kuuloweka udongo uwe uji, kuupitisha kwenye chekeche lenye matundu madogo, na kuuacha utuame. Kama chungu kimekwisha kuchomwa, kitumbukize chote majini kingali na uvuguvugu, kikae saa nzima, ili chokaa ilowe na kulainika badala ya kuvimba polepole. Njia hii huokoa vyombo vyenye punje ndogo. Penye punje za ukubwa wa harage haisaidii.

Chungu ni laini, au kina mabaka meusi

Nenda Lyulilo, jirani na Matema kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, siku ya soko ya Jumamosi, vinapouzwa vyungu vya Wakisi wa Ikombe, ufinyanzi wa akina mama wasiotumia gurudumu, uangalie jinsi mnunuzi mzoefu anavyochagua. Anakining'iniza chungu kwenye vidole vya mkono wa kushoto na kukigonga kwa kifundo cha kidole cha kulia. Kikilia kama kengele ndogo anaanza kuulizia bei. Kikijibu kwa sauti ya ubao uliooza anakirudisha chini. Sauti mbovu ina maana mbili: kuna ufa usioonekana, au chungu hakikuiva.

Ili kuzitenganisha, loweka gae la chungu cha mchomo ule ule usiku kucha. Likitoa tope unapolisugua kwa kidole gumba, moto haukufika mahali pa kuugeuza udongo, jambo linalohitaji nyuzi 600 hivi na zaidi, na zilizoshikiliwa kwa muda. Chungu kama hicho hakijapotea: kikaushe kabisa na ukichome tena. Chunguza na kuni zako. Misindano peke yake huwaka kwa mbwembwe kisha inakwisha bila kuacha makaa. Ichanganye na miwati au mikaratusi iliyokauka, ambayo makaa yake yanakaa.

Mabaka meusi ya nje, kwa upande wake, si ugonjwa. Ni mahali ambapo kuni au samadi iligusa chungu na kukinyima hewa, na wateja wangu wengi wa vyungu vya bustani huyapenda kuliko wekundu mtupu. Asiyeyataka avizungushie vyungu magae ili moto usivilambe moja kwa moja.

Maji yanapenya ukutani

Kwa mtungi wa maji ya kunywa kupenya huko ndiko kunakoleta ubaridi, kwa kuwa maji yanayotoka jasho nje, yakikauka, huondoa joto la yaliyomo ndani. Anayelalamika ametumia chombo kisicho chake. Malalamiko ya haki ni ya kisahani cha chini ya ua kinachoacha duara la maji kwenye meza ya mbao. Uchomaji wa shimo hauwezi kuzuia maji kabisa. Sugua ndani ya kisahani kwa kijiwe laini kingali na ugumu wa ngozi, yaani kimeshikamana lakini hakijakauka, mpaka king'ae, na baada ya kuchoma kichemshie uji mwembamba wa unga wa mahindi ili wanga uzibe vinyweleo. Kwa kisahani kitakachokaa na maji muda wote, paka ndani rangi ya mafuta mara mbili na uachane na mapambano.

Wenye tanuri la umeme au gesi hukumbana na matatizo ya utando wa kioo, yaani glezi inayopakwa juu ya chombo, na hapa nitasema machache tu. Utando ukitoka mkavu na wenye mikwaruzo kama msasa, huenda umenunua wa nyuzi 1,200 na kuuchoma kwa 1,000. Udongo wetu mwekundu hauvumilii kupandishwa mpaka huko, mara nyingi hulegea na kuvimba ukizidi 1,100, kwa hiyo tafuta utando wa joto la chini. Ukijikusanya na kuacha mabaka wazi, chungu kilikuwa na vumbi au mafuta ya mikono. Na utando usiojulikana muundo wake usipakwe kwenye chombo cha chakula, kwani wa joto la chini unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kasoro zinazojitokeza bustanini

Ukungu mweupe unaotoka nje ya chungu cha maua ni chumvi. Maji yanapopenya ukuta hubeba chumvi za udongo na za mbolea za chumvichumvi, yanapokauka yanaziacha nje. Haziui chungu. Zipanguse kwa brashi na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, punguza mbolea, na mara moja kwa mwezi mwagilia maji mengi mpaka yatiririke chini. Doa jeupe likiwa lilikuwepo tangu kabla ya kuuza, na limeshika zaidi mdomoni, chumvi imo kwenye udongo ulioufinyanga. Tafuta shimo lingine la kuchimba.

Ukuta unaomeguka matabaka, hasa Makete, Njombe na vijiji vya kuzunguka Kitulo, ile wanayoiita Bustani ya Mungu, ni kazi ya jalidi. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na chungu kilichoshiba maji jioni hupambazuka kimechubuka. Kuanzia Juni hadi Agosti viinue vyungu juu ya mawe matatu ili visinyonye maji ya ardhini, mwagilia asubuhi badala ya jioni, na ukiweza vilaze chini ya upenu. Anayefinyanga kwa ajili ya wateja wa huko asitengeneze chungu chenye tumbo kubwa na shingo nyembamba: udongo wa ndani ukiganda hauna pa kupandia na unakipasua. Chenye mdomo mpana kuliko kitako huusukuma juu bila madhara.

Tundu la kutolea maji nalo huleta nyufa zinazotawanyika kama miale. Chanzo ni kulitoboa chungu kikiwa kimekwisha kauka. Litoboe kikiwa na ugumu wa ngozi, kutoka ndani kwenda nje, kwa mwanzi wenye unene wa kidole gumba, kisha lainisha ukingo pande zote mbili kwa kidole kilicholoweshwa. Tundu litapungua motoni, kwa hiyo lianze likiwa kubwa kidogo kuliko unavyotaka.